Kabla Uniambie Ati Unanisapoti

Wasee, leo hakuna video. Taa imekufa, na hata ingekuwa inawaka, hii stori haiwezi kutosha kwa dakika moja na nusu. Kaa chini usome.

Ilianza kwa kinyozi. Kinyozi wangu ni Mkongo, mtu wa Bukavu. Ako Nairobi miaka mingi na bado Kiswahili chake kimekataa kuwa cha Nairobi. Wiki mbili zimepita, nimekaa kwa kiti, naongea vile mimi huongea, nikamwambia, "Bro, nisapoti basi. Ingia page yangu, shea na wateja." Akazima mashine. Akaniangalia kwa kioo. Akasema, "Petit, mimi nakusuporte kila juma. Unasema mingi sana."

Wateja wawili wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeanza kusema asante. Nilidhani ananiambia yeye ni shabiki wangu wa siri, kumbe amenitukana kwa adabu. Akanieleza polepole akiendelea kunyoa: kwao, mahali Kifaransa kimechanganyika na Kiswahili, kumsuporte mtu ni kumvumilia. Ni kubeba kelele zake na kunyamaza. Kuna siku anamsuporte mwenye nyumba, kuna siku anasuporte joto, na kila Jumamosi ananisuporte mimi.

Nilitoka hapo kichwa kimeng'aa nje na ndani. Kwa wale wageni hapa, mimi niliacha kampasi mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea ualimu, Kiswahili na historia. Cheti sina, lakini tabia ya kufungua kamusi ilibaki, na hiyo hakuna ofisi ya karo inaweza kuizuia. Kwa hivyo nikaanza kuchimba. Hili neno tunalolitumia kila siku, support, sapoti, nisapoti, tusapotiane, lilitoka wapi? Na nani alikuwa sahihi kwenye kile kiti, mimi ama kinyozi?

Kinyozi alikuwa sahihi. Hata alikuwa na historia ya miaka mingi nyuma yake.

Warumi walikuwa na kitenzi portare, kubeba. Mbele yake waliweka sub, yaani chini. Ukiviunganisha, ile b inamezwa na p, unapata supportare. Kubeba kitu kutoka chini, kukipandisha. Hapo hakuna kushangilia wala kidole gumba. Kuna mzigo, kuna mtu, na mtu yuko chini ya mzigo. Baadaye neno likaanza kutumika pia kwa mizigo isiyoonekana: maumivu, dharau, tabia mbaya ya jirani. Kubeba kukawa kuvumilia.

Likapitia Kifaransa, likaingia Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1300. Na hapa ndipo nilisimamisha kila kitu. Karibu mwaka 1382 wafuasi wa John Wycliffe kule Uingereza walikuwa wanaitoa Biblia kwenye Kilatini na kuiweka kwa Kiingereza cha watu wa kawaida, kitu ambacho kanisa halikupenda hata kidogo. Walipofika barua ya Paulo kwa Waefeso, mlango wa 4, mstari wa 2, pale Paulo anawaambia waumini waishi pamoja kwa upole na uvumilivu, Kilatini kilikuwa na hili neno letu, nao wakalichukua hivyo hivyo: wakristo wa-support mwenzake na mwenzake kwa upendo. Hawakumaanisha wapigiane makofi. Walimaanisha mtu akae na ndugu yake msumbufu bila kumtupa.

Tafsiri ya King James ya 1611 ikaweka kitenzi kingine mahali hapo, na polepole Kiingereza kikasahau ile maana ya zamani. Ilibaki mafichoni tu, kwenye neno insupportable, kitu kisichovumilika. Lakini ndugu zake hawakusahau. Mfaransa akisema hakusuporti, jua amechoka na wewe. Mhispania ana soportar, Mwitaliano ana sopportare, wote wakimaanisha kuvumilia. Kinyozi wangu amebeba maana ya zamani ambayo Waingereza waliiangusha njiani.

Kitu cha kuchekesha: Waingereza baadaye walianza kumwita mpenzi wa timu ya mpira supporter, na Wafaransa wakalipenda hilo, wakalirudisha kwao. Kwa hivyo leo kijana wa Paris anaweza kusema ana-support timu yake, na walinzi wa Kifaransa safi wanakasirika kwa sababu kwa masikio yao amesema anaivumilia. Ukiuliza mashabiki wa Gor Mahia ama AFC Leopards, watakuambia maana zote mbili ni moja, na msimu mbaya ukifika hawakosei.

Sasa fungua Biblia ya Kiswahili, ile Union Version ya 1952 ambayo shosho yako anayo. Nenda mstari huo huo. Watafsiri hawakuandika kusaidiana. Hawakuandika kuungana mkono. Walitumia kitenzi kuchukuliana. Kuchukua, ile ya mzigo. Soma mara mbili. Mtu wa Wycliffe kule baridini na mtafsiri wa Kiswahili huku pwani, katikati yao miaka karibu 600, na wote wawili walipofikiria upendo unaofanya kazi, waliona mtu amembeba mwingine.

Nilipokuwa hapo nikakutana na neno suffer, kuteseka. Nalo limejengwa vilevile. Sub, chini, halafu ferre, kitenzi kingine cha Kilatini cha kubeba. Support na suffer, ukizivua nguo, zote zinasema kitu kimoja: yuko chini, amebeba. Moja tukaipeleka kwa wanaosaidia, nyingine kwa wanaoumia. Mimi nadhani waliozitenganisha hawakuwa wamewahi kubeba kitu kizito.

Na msidhani Kiswahili kimekaa nyuma kinangoja kukopeshwa. Sisi tuna familia nzima ya hii maana, imetoka Kiarabu, na tunaitumia bila kujua ni familia moja. Himili: kubeba, kuvumilia, na zamani hata kubeba mimba. Stahimili: kuvumilia. Mhimili: ile nguzo inayobeba jengo, na sasa mihimili mitatu ya dola mliyosoma kwa uraia. Halafu hamali. Nenda Mombasa, yule mtu wa mkokoteni, yule anashusha magunia kwa lori, anaitwa hamali. Mzizi ni mmoja. Jaji Mkuu anaongoza mhimili, na mzee anasukuma mkokoteni karibu na Kongowea ni hamali, na kwa kamusi wawili hao ni ndugu.

Kuna pia neno la bara, mpagazi. Kitenzi chake ni kupagaa, kubeba mzigo begani. Ndiyo maana mtu aliyepandwa na pepo tunasema amepagawa: pepo amemfanya punda. Wapagazi ndio walikuwa wanatembeza biashara yote ya karne ya 19, Wanyamwezi wakishuka Bagamoyo na pembe za ndovu, Wakamba wakishuka Mombasa. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32, juu ya kichwa ama bega, mwezi baada ya mwezi. Hakukuwa na njia nyingine. Mbung'o waliua ng'ombe, farasi na punda. Gari la Afrika Mashariki lilikuwa shingo ya mtu.

Hii inanipeleka Kariokor.

Mimi nimelelewa Huruma, na Kariokor kwangu ilikuwa mahali pa viondo, sandali za ngozi na nyama choma kama kuna mtu amepata pesa. Hakuna mtu aliwahi kuniambia hilo jina ni nini. Kule Dar es Salaam wana Kariakoo, soko kubwa, na hata timu za Simba na Yanga zina mizizi mitaa hiyo. Majina yote mawili ni neno moja lililokanyagwa na ndimi zetu: Carrier Corps. Kikosi cha wachukuzi. Kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipopigana na Wajerumani hapa kwetu kuanzia 1914, wachukuzi waliwekwa kwenye kambi mahali hapo. Vita viliisha, kambi ikaisha, jina likabaki kama alama ya mguu kwenye simiti.

Jeshi lilihitaji chakula, risasi, dawa, nyaya za simu, na machela za kubeba wagonjwa. Lori zilikwama kwa matope. Wanyama walikufa kwa mbung'o. Kwa hivyo ikarudi kwa shingo ya mtu. Mwanzoni waliita watu wa kujitolea. Sheria ya 1915 ikaruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima, na 1917 ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, machifu wakiambiwa walete idadi na wanaileta, usiku, kwa kamba wakihitajika. Wengi walitoka Nyanza, Ukambani na nchi ya Wakikuyu. Vijana wa rika langu. Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa anakimbia makusudi, akivuta jeshi la Waingereza kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji hadi Msumbiji. Yeye naye alikuwa na wachukuzi wake, na hao pia walikufa. Alijisalimisha Novemba 25, 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Kila kilomita aliyokimbia kuna mtu aliyekuwa nyuma na sanduku kichwani.

Risasi haikuwaua wengi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na unga ambao tumbo halikuuzoea na ambao hakukuwa na muda ama sufuria ya kuupika ukaiva. Hesabu za Waingereza wenyewe zinataja wachukuzi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao, na wapo wanahistoria wanaofika karibu 100,000. Waliokufa kwa bunduki ni wachache sana kwenye hesabu hiyo.

Hapo Kenyatta Avenue, katikati ya mji, kuna sanamu ya watu watatu wa shaba. Umepita hapo mara elfu ukikimbilia matatu. Iliwekwa 1928. Wawili wana bunduki. Wa tatu hana, yeye ni mchukuzi. Maandishi ya chini yanasema kwamba wachukuzi hao walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Nilienda nikasimama nikasoma yote. Hakuna jina hata moja. Mlinzi wa duka la jirani aliniuliza kama nimepotea.

Na si ati majina yalipotea kwa bahati mbaya. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti Aprili 2021 ikakubali kwamba baada ya vita hivyo watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina, ama hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Askari mzungu alipata jiwe na jina lake. Mchukuzi aliachwa kichakani, kwa sababu maafisa wa wakati ule waliamua watu kama hao hawangeelewa maana ya jiwe la kaburi. Tume iliomba msamaha, miaka 100 imepita. Wapo wachukuzi waliokufa wakiwa wanadai mishahara, na hiyo pesa haikufika nyumbani.

Kiingereza kiliwaita carriers, kikawaita pia porters. Porter ni portare ileile. Kwa maana ya kwanza kabisa ya hilo neno, hao ndio support. Walikuwa chini, wamebeba, jeshi limesimama juu yao. Na hawakuulizwa kama wanaunga mkono vita.

Sasa nitoe kitu mfukoni. Shilingi, yoyote. Geuza upande wa nembo ya taifa. Kuna ngao, kuna simba wawili wamesimama huku na huku wameishika. Watu wanaosoma nembo wana jina rasmi la wanyama kama hao, wanawaita supporters. Si shabiki, ni mshikaji wa ngao. Halafu chini ya miguu yao kuna utepe wenye neno moja: Harambee.

Nilikaa na hiyo shilingi muda mrefu kwa kweli. Kwa sababu harambee nayo ni neno la mzigo. Ni sauti ya watu wanaovuta ama kuinua kitu kizito pamoja. Mmoja anaita, wote wanaitikia, na kwa ule mwitikio ndipo nguvu zote zinakutana sekunde moja. Jomo Kenyatta alilichukua 1963 akalifanya wito wa nchi. Na miaka ile ya kwanza lilikuwa bado na uzito wake: wazazi walibeba mawe, wakachimba misingi, shule za harambee zikasimama kwa mamia. Babu yangu mzaa mama alikuwa akionyesha darasa moja huko kijijini akisema ukuta ule ni wake, akimaanisha alibeba mchanga kutoka mtoni.

Halafu ikaja kipaza sauti. Ikaja meza ya mgeni wa heshima, bahasha, jina lako na kiasi chako vikisomwa mbele ya watu, habari za jioni zikirudia nani ametoa ngapi. Harambee ikatoka mgongoni ikahamia mdomoni. Ilifika mahali sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 ikajaribu kuweka breki, na Julai 2024, baada ya sisi vijana kujaa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, Rais Ruto naye akatangaza maafisa wa serikali waache harambee. Kutangaza ni rahisi. Mnajua wenyewe Jumapili kunaendaje.

Support ilipitia njia hiyohiyo. Ilianza mgongoni ikaishia mdomoni. Bungeni ukisimama ukasema una-support hoja, hujabeba chochote, umetoa sauti. Kiswahili chetu cha habari kikatafsiri ile sauti tu: kuunga mkono. Sina ubaya na kuunga mkono, mkono ukiungwa kwenye kitu kinachoinuliwa ni sawa. Lakini mkono ulioinuliwa hewani kupiga kura hauna kilo. Tulipochagua hilo neno peke yake tuliacha kuchukuliana, kuhimili na kubeba zikae kanisani na sokoni.

Na wenye pesa wanalipenda sana neno likiwa hivyo, bila kilo. Aprili hiyohiyo ya 2021, Shirika la Fedha Duniani, IMF, liliidhinishia Kenya mpango wa dola bilioni 2.34, wa miezi 38. Kwa lugha yao huo ni support. Wakenya waliingia kwenye kurasa za shirika hilo kwa maelfu wakiwaomba wasitukopeshe. Watu wa nje walishangaa: nani anakataa support? Lakini uliza swali la Warumi, nani yuko chini ya mzigo? Aliyesaini yuko juu. Chini kuna mama wa mitumba na kodi mpya. Yeye ndiye ana-support deni.

Mahali neno bado lina uzito wake kwa Kenya, kwa maoni yangu, ni mahakama za watoto. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mzazi wote wawili wana jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana ama hawajaoana. Mtaani tunaita child support, na hapo huwezi kudanganya na emoji. Mama anajua tarehe, anajua kiasi, anajua ni miezi mingapi haijaingia.

Sawa. Nimewazungusha kote huko kwa sababu kuna kitu kigumu kusema.

Nilipoacha kampasi, niliandika posti. Wengine mlikuwa hapa tayari. Nilisema salio la karo limenishinda, wamenifungia matokeo, naenda kufanya kontenti wakati wote. Posti hiyo ndiyo ilipata watu wengi kuliko kitu chochote nimewahi kuandika. Komenti 900 na kitu. Tuko na wewe, tunakusapoti, songa mbele mfalme. Nilizisoma zote usiku mzima, na nilijisikia nimebebwa. Hilo silikatai, na sisemi mlinidanganya. Lakini asubuhi yake nilikuwa na shilingi 40, na aliyeniachia mia mbili kwenye meza kabla ya saa tisa usiku ni mzee wangu, ambaye hata hana simu ya intaneti.

Mzee wangu ni mtu wa mkokoteni Marikiti. Miaka 22. Anatoka nyumbani saa tisa usiku kwa sababu lori za viazi kutoka Nyandarua huingia kabla mji haujaamka. Kanuni za 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Nenda Marikiti utafute hilo gunia la kilo 50 uniletee picha. Lumbesa bado zipo, zimeshonwa na wavu juu kama kofia ya askofu, na kwa sababu mbebaji hulipwa kwa gunia na si kwa kilo, zile kilo za juu ni za bure. Mgongo wa mzee una mahali pamoja, chini ya bega la kulia, pamekuwa pagumu kama kisigino. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila baba anapo.

Mihula yote mitatu niliyomaliza kampasi ililipwa na hapo mahali. Mkopo wa serikali ulifunika sehemu, sehemu ile nyingine ilikuwa viazi. Na mimi miaka hiyo yote nilikuwa naambia watu sina sapoti nyumbani. Nilisema hivyo hata kwa video moja. Nilimaanisha mzee haelewi hii kazi, hanipi moyo, akiniona nikiongea na simu huuliza kama mwenzangu amesikia. Nilimaanisha hapigi makofi. Video hiyo nimeifuta jana.

Nilimwambia mzee jioni nataka kuandika kumhusu. Akauliza nitalipwa. Nikasema hapana, si sasa. Akafikiria. Nikamweleza habari ya Kariokor, wachukuzi, kambi, jinsi jina lilivyotoka. Hapo akaacha kula. Akasema babu ya baba yake alichukuliwa kwa vita hivyo, na hakurudi, na jina la yule mtu ndilo jina langu la pili. Miaka 23 nimelibeba na hakuna siku aliwahi kusema. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Hukuuliza, na mimi pia niliambiwa tu alienda kubeba vitu vya wazungu. Hiyo si stori, hiyo ni kazi."

Sijajua nitafanya nini na hiyo habari. Nimeanza kuuliza mashangazi kama kuna anayekumbuka zaidi, mwaka, kijiji, chifu aliyemtoa. Kama nyumbani kwenu kuna mtu alienda hivyo, niandikieni, hata kama ni jina tu bila kitu kingine. Nitayaweka yote mahali pamoja.

Mzee alisema kama lazima niandike, niandike pia kwamba tairi la kushoto la mkokoteni limekwisha. Jumamosi tunaenda Gikomba kutafuta lingine. Kwa hivyo Jumamosi pia hakuna video.